Ndege Amefika

Zamani za juzi, katika nchi ambayo ukiitaja jina unaulizwa nani kakutuma, palikuwa na Jeshi la Anga lililokuwa na kila kitu isipokuwa kitu cha kwenda angani. Lilikuwa na bendi. Lilikuwa na majenerali tisa, mpishi wa keki, na wimbo wa beti saba kuhusu mawingu. Siku ya gwaride askari wake walipita mbele ya jukwaa wamenyoosha mikono pembeni kama watoto wanaocheza, na wananchi wakapiga makofi, kwa kuwa asiyepiga makofi alikuwa anaandikwa.

Ndipo nchi rafiki, iliyokuwa inasafisha ghala lake, ikawapa ndege ya kivita. Moja. Ilikuja kwa barabara, vipande vipande, ndani ya makasha kumi na mawili juu ya tela lililochomoka gurudumu mara nne njiani. Aliyeipokea getini alikuwa fundi wa miaka ishirini na minne, Koplo Onesmo Liheta, kijana mwenye masihara mengi mdomoni na akili nyingi vidoleni.

"Ndege gani hii inatembea kwa miguu?" alimwuliza dereva wa tela. "Si itakuwa imechoka? Tuipe uji?"

Dereva akacheka mpaka akashika usukani. Ilikuwa mara ya mwisho kwa mtu kuitania ile ndege na kulala nyumbani kwake.

Jioni ile makasha yakaingizwa kwenye daftari la masjala. Karani wa masjala alikuwa mzee Kapungu, aliyekuwa amehamishwa mwezi uliotangulia kutoka Idara ya Ndege Wafugwao. Kule kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa kuandika: ndege amefika, ndege ametaga, ndege amekufa kwa mdondo. Mkono una mazoea yake kama punda wa maji. Mzee Kapungu akachovya kalamu, akaandika: "Ndege amefika salama."

Msomaji mwenye haraka haoni kosa. Lakini tulifundishwa wote darasa la tatu, na wengine tulichapwa kwa ajili hiyo: ndege wa manyoya "amefika", ndege ya bati "imefika". Herufi moja tu, tena ndogo.

Kesho yake Jenerali Ngereza, mkuu wa jeshi lile, akaisoma taarifa mbele ya Mkuu wa Nchi, mabalozi na kwaya. Alisoma kama ilivyoandikwa, kwa sauti ya kukata kuni: "Mheshimiwa! Ndege amefika salama!"

Mwalimu mmoja wa lugha, kwenye kwaya, akakohoa. Alihamishiwa kisiwani kabla kikohozi hakijamtoka.

Jenerali alikisikia kile kikohozi. Akaitazama karatasi, akamtazama Mkuu wa Nchi, na kwa kuwa jenerali hawezi kurudi nyuma mbele ya mabalozi, akasonga mbele.

"Nimesema amefika, na nimemaanisha amefika! Hiki si chombo, Mheshimiwa. Chombo ni sufuria. Huyu ni askari! Kuanzia leo yumo katika ngeli ya watu, na atakayemrudisha katika ngeli ya vitu ni adui wa taifa na wa sarufi!"

Makofi yakapigwa. Basi na sisi tutamwita hivyohivyo, maana gereza la nchi ile lina uhaba wa kila kitu isipokuwa nafasi.

Askari lazima awe na namba, akapewa namba. Lazima awe na jalada, likafunguliwa: jina, Ndege, jina la baba, Ndege, dini, haijulikani, urefu, mita kumi na tatu. Lazima ale kiapo. Hapo wakakwama kidogo, mpaka Jenerali alipomwona Koplo Liheta ana brashi ya grisi mkononi.

"Wewe! Simama karibu yake. Atakapoulizwa, wewe itikia."

Liheta akaitikia "naapa" mara tatu kwa niaba ya ndege, na kwa kuwa alikwisha kumsemea, akaandikwa kwenye jalada kuwa ndiye mpambe wake. Hivyo ndege akaanza kazi na cheo cha Luteni, na koplo akapata bosi.

Kazi ya mpambe haikuwa ngumu. Saa kumi na mbili asubuhi Liheta alisimama mbele ya pua ya bosi wake, akapiga saluti, akasema, "Shikamoo, afande, hali ya kambi ni shwari," akangoja kwa adabu muda ambao mtu angetumia kujibu, ndipo akaanza kumwosha. Mara moja kwa mwaka alimvuta kwa trekta hadi hospitali ya kambi. Daktari alimwekea kipimo cha mapigo ubavuni, akafumba macho, akaandika: "Moyo haudundi, lakini homa hana. Apunguze chumvi."

Aliruka mara moja. Ni kweli, na isije ikasemwa kwamba tunamdharau. Sikukuu ya uhuru ya mwaka wa pili, rubani mwembamba mwenye cheo cha Kapteni alimpandisha, wakazunguka mji mara mbili, wakatua na tairi moja likiwa limepasuka. Wananchi walilia kwa furaha. Mbuzi wa upande wa kaskazini wakazaa kabla ya wakati. Wiki ile ile, kwa ushujaa wa kutua hivyo, ndege akapandishwa kuwa Meja. Rubani hakupandishwa, kwa kuwa yeye alikuwa ndani tu.

Mwezi uliofuata Kapteni akapanda ngazi kwenda kumrusha tena. Jenerali akamkuta kwenye kidato cha tatu.

"Unakwenda wapi, Kapteni?"

"Kurusha ndege, afande."

"Kumrusha nani?"

"Meja Ndege, afande."

"Wewe Kapteni, umkalie Meja kichwani?"

Kapteni akafikiri, akashuka. Mwaka haukuisha akaacha jeshi, akafungua kibanda cha kinyozi. Wakatafutwa wenye vyeo vya juu, lakini cheo na tumbo hukua pamoja. Kanali mmoja alijaribu, akaingia hadi kitovuni, ikabidi atolewe kwa sabuni ya mche. Tangu hapo Meja Ndege hakuruka tena. Heshima ilimshika miguu.

Kuondoka kwa Kapteni kulimgusa Liheta mahali ambapo hakupategemea. Kapteni ndiye aliyekuwa akimsainia ruhusa za kwenda kwao Mikorongo, kumwona mama yake, Bibi Akwilina. Sasa mkuu wake wa karibu alikuwa Meja Ndege mwenyewe. Liheta akaweka fomu ya ruhusa juu ya bawa, akaweka na kalamu, akangoja. Jioni akaiondoa kwa sababu ya umande.

"Si una likizo na wewe?" mdogo wake, Nestori, alimwuliza alipopita kambini. Nestori naye alikuwa askari, lakini wa miguu, wa kule wanakofia.

"Likizo yangu nakwenda na bosi. Mpambe haachani na bosi."

"Na bosi anakwenda wapi?"

"Ziwani. Daktari kasema anahitaji upepo."

Nestori alicheka, akakaa chini kabisa kwenye saruji. "Kaka, kwa hiyo mwaka mzima unaamkia bati, halafu mnakwenda wote kupunga upepo?"

"Shusha sauti," alisema Liheta, naye akicheka. "Bosi anasikia."

Walicheka sana siku ile. Nestori akaondoka na salamu za kumpelekea mama, na soksi mbili za kaka yake ambazo hakuziomba.

Mwaka wa kumi na mbili askari wa nchi jirani wakavuka Mto Kanyezi. Askari wa miguu waliokuwa ng'ambo hii wakapiga simu ya upepo asubuhi, wakasema wanahitaji msaada wa anga. Simu ikapokelewa vizuri, ikaandikwa, ikapelekwa. Jibu likaja saa nne: Luteni Kanali Ndege, kwa kuwa alikwisha pandishwa tena, yuko likizo siku yake ya tatu, na kwa mujibu wa kanuni likizo ya afisa haikatizwi ila kwa sahihi yake mwenyewe.

Fomu ya kukatiza likizo ikatumwa ziwani kwa pikipiki. Liheta ndiye aliyeipokea. Akaiweka juu ya bawa, akaweka kalamu. Upepo wa ziwa ulikuwa mzuri kweli, daktari hakukosea. Ukaipeperusha fomu mara mbili, na mara mbili Liheta akaikimbilia mchangani, akairudisha, akaweka jiwe juu yake. Mwenye pikipiki akangoja hadi saa tisa. Kisha simu ikaja kwamba asisumbuke tena.

Walikufa arobaini na mmoja. Kwenye orodha jina la Nestori lilikuwa la thelathini na saba, kwa kuwa waliandikwa walivyolala, si kwa alfabeti.

Jenerali Ngereza alihutubia taifa akiwa amefunga kitambaa cheusi mkononi. "Maadui wanauliza, ndege alikuwa wapi? Nawajibu bila woga: alikuwa likizo! Hakutoroka! Hakujificha! Aliomba ruhusa akapewa, jambo ambalo vijana wengi wa leo hawalifanyi!" Ndege akapewa nishani ya Kutokuwepo Kazini kwa Kibali, daraja la pili, akapandishwa kuwa Kanali. Liheta ndiye aliyeibandika, kwa gundi ya tairi.

Ruhusa ya msiba inasainiwa na mkuu wa karibu. Liheta hakwenda matangani.

Watu walingoja alie, au avunje kitu. Hakufanya chochote. Kitu ndani yake kilizimika kama redio inayoishiwa betri: inaongea, inanong'ona, halafu unagundua kuwa kimya kimekuwepo kwa muda. Kesho yake saa kumi na mbili alisimama mbele ya pua, akapiga saluti, akasema hali ya kambi ni shwari.

Miaka ikapita kama ng'ombe wanavyopita, mmoja nyuma ya mwingine, hakuna wa kutazamwa. Mbayuwayu wakajenga kiota kwenye bomba la moshi la Kanali. Masjala ikapata habari, ikawaandika makinda wanne kama wategemezi wake. Mzee Kapungu akafariki akiwa mezani, na aliyeshika nafasi yake, Sajini Habiba Mtumbuka, alikuta kwenye jalada la ndege wategemezi mia moja na kumi na wawili, wote wamehama bila kuaga.

Liheta alipotimiza miaka hamsini na mitano, binamu yake akamletea ujumbe kutoka kwa Bibi Akwilina. Aliusema kama alivyopewa: "Mwambie yule aliyebaki kwamba jicho la kushoto limekwisha ondoka. La kulia linafunga virago. Akitaka nimwone, aje."

Liheta akasikiliza. Akauliza binamu amekula. Kisha akaenda masjala kuchukua fomu ya kustaafu.

Sajini Habiba akampa, akamwonyesha kwa kidole. "Hapa jina, hapa namba, na hapa chini sahihi ya mkuu wako wa karibu." Kidole kikasimama. "Ee Mungu wangu. Kaka Liheta."

"Ndiyo, dada afande."

"Mkuu wako wa karibu si..."

"Ndiye yeye."

Hata hivyo akaiweka fomu juu ya bawa, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu. Ikakaa siku kumi na nne. Siku ya kumi na tano mbayuwayu mmoja akaiachia kinyesi, pale pale kwenye mstari wa sahihi, tena kwa mkunjo mzuri. Liheta akaipeleka masjala. Habiba akaigeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Ingekuwa yangu ningeipitisha," alisema. "Ila hii ni sahihi ya mtegemezi, si ya mwenyewe."

Akafungua kabati, akatoa daftari la kale, likajaza vumbi chumba kizima. Akaufikia ukurasa. "Ndege amefika salama." Wakaitazama ile herufi pamoja. Wino wake ulikuwa umegeuka rangi ya chai.

"Kosa hili hapa," alisema Habiba. "Ikisomeka imefika, basi hakuwa askari. Kama hakuwa askari, si bosi wako. Unakwenda kwa mama kesho. Twende kwa Jenerali."

Jenerali Ngereza kwa wakati ule alikuwa mzee wa kupokelewa kwa mikono miwili, lakini jeshi halikuthubutu kumstaafisha kwa kuwa hakuna aliyekumbuka nani aliyekuwa mkuu wake. Alisikiliza yote, macho kwenye keki.

"Sajini," akasema, "una elimu gani?"

"Kidato cha sita, afande."

"Ndiyo maana. Koplo, wewe una ndugu alikuwa Kanyezi?"

"Nilikuwa naye, afande."

"Pole. Sasa nisikilize kwa makini. Askari akiwa likizo, watu wakafa, hiyo ni bahati mbaya. Chombo kikiwa likizo, watu wakafa, hiyo ni kesi." Akafuta vidole kimoja kimoja. "Ukiondoa hiyo herufi, nani alikipa chombo likizo? Mimi? Sahihi ya nani iko pale? Halafu wale arobaini na mmoja wote inabidi wafe upya, kwa sababu nyingine. Unataka kumsumbua mdogo wako? Mwache na bahati mbaya yake, ameshaizoea."

"Ndiyo, afande."

"Nenda kamwamkie Brigedia wako."

"Brigedia, afande?"

"Tumempandisha jana."

Wakarudi masjala. Habiba ndiye aliyekuwa na machozi. Liheta alikuwa anatazama kucha zake, zenye grisi ya miaka thelathini na moja, na kufikiri kwamba leo hajamwosha bosi upande wa kulia.

"Sema basi hata kitu," Habiba alimwambia.

"Kitu," alisema Liheta.

Habiba akamkazia macho. Halafu akakaa taratibu, kama mtu aliyekalia wazo. "Rudia."

"Nirudie nini?"

"Kaka Liheta, mtu hatoki kambi hii bila sahihi ya bosi. Lakini kitu kinatoka! Ndoo, viti, matairi, kila mwezi vinatoka. Kitu hakina bosi. Kinataka bodi ya mali chakavu na karatasi ya getini, basi." Alikwisha vuta fomu ya rangi ya manjano. "Bati limekuwa mtu kwa herufi moja. Na wewe uazimwe hiyo moja. Vyeo na haki zako zote nitakuwa nimezifuta, lakini. Umenielewa? Kitu hakina kiinua mgongo."

"Kina mama?"

Habiba akainamia fomu. Akaandika kwa mwandiko mzuri: "Liheta, moja. Imechakaa. Iondolewe."

Bodi ya mali chakavu ilikuwa na maafisa watatu. Walimzunguka. Mmoja akamgonga goti kwa bisibisi, wa pili akamfunua mdomo akahesabu meno, wa tatu akauliza kama ina spea.

"Haina, afande," alisema Liheta.

"Mali haijibu," alisema afisa, akaandika: "Sauti bado inatoka. Matumizi hakuna. Itolewe bure kwa atakayeihitaji."

Asubuhi ya kuondoka alisimama mbele ya pua kama kawaida. Saluti, shikamoo, hali shwari. Akaongeza, "Afande, naondoka." Akangoja muda ule ule wa adabu. Mbayuwayu mmoja akatoka bombani, akarudi. Liheta akachukua hilo kuwa baraka, au hakulichukua kuwa kitu. Hata yeye hakuwa na hakika.

Getini mlinzi wa zamu akaisoma karatasi, akamtazama, akaisoma tena.

"Liheta, moja, chakavu. Iko wapi?"

"Mimi."

"Wewe ndiwe mzigo? Sasa mbona unatembea? Mzee, mali ya jeshi haitoki getini kwa miguu yake, huo ni wizi. Lete toroli!"

Toroli likaletwa, lililokuwa na saruji iliyogandia pembeni. Liheta akapanda, akakunja magoti, akapakata kibegi chake. Askari wawili wakamsukuma hadi ng'ambo ya mstari mweupe, wakaliinua toroli kwa nyuma, wakammwaga polepole, kwa sababu alikuwa amewafundisha kazi. Mlinzi akaandika kwenye kitabu: "Imetoka."

Safari ya Mikorongo ni siku mbili kwa lori la mahindi. Alikaa juu ya magunia. Walipomwuliza nauli ya mtu akawaonyesha karatasi ya manjano. Utingo akaisoma, akakuna kichwa, akamtoza ya gunia.

Alifika siku ya pili, jua likiwa limeinama. Bibi Akwilina alikuwa amekaa kibarazani anachambua choroko kwa vidole, uso umeelekea barabarani. Jicho la kulia lilikwisha ondoka. Lilikuwa limeondoka wiki mbili kabla, siku zile zile fomu ilipokuwa juu ya bawa.

Liheta akasimama uani. Kwa mazoea ya miaka mingi akangoja, kwa adabu, muda ambao mtu angetumia kujibu.

Mama akaacha kuchambua. Akainua shingo, akautambua mkwaruzo uliokuwa umeingia uani, wa ule mguu wa kushoto uliokwaruza tangu mwanawe alipoanguka mwembeni utotoni. Ungo ukamtoka mapajani, choroko zikamwagika uwanja mzima.

"Jamani!" alipiga kelele kuita majirani. "Jamani, njooni! Amefika! Amefika salama!"

Liheta aliposikia neno lile akabana visigino. Mkono ukapanda wenyewe hadi kwenye paji la uso, naye akageuka nyuma, kuelekea barabara tupu, kutazama ni nani aliyefika.